Usiishie kwenye kibao cha mlangoni

Kazi yangu ni kuchunguza majumba ya kale na bustani zake, nani alijenga, nani aliishi, nani alifagia, na mtu akiniuliza waliosahaulika tuwatafute wapi huwa namwambia anzia chooni. Sitanii kabisa.

Kule Cornwall, Uingereza, kuna bustani za Heligan, mali ya ukoo wa Tremayne, ambazo baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia zilikosa watu wa kuzitunza zikamezwa na vichaka. Waliokuja kuzifufua kuanzia 1990 wakakuta kijichumba cha choo cha vibarua, na ukutani pale majina yameandikwa kwa penseli, yamefifia, chini ya tarehe Agosti 1914. Yaani vita ndo inaanza, watunza bustani wakaandika majina yao pale, halafu wakaenda vitani na baadhi hawakurudi tena. Mwaka 2013 Imperial War Museum, makumbusho ya vita ya Uingereza, wakakitambua kile choo kuwa kumbukumbu hai ya vita. Hapakuwa na sanamu wala jiwe la kuchonga, penseli tu na plasta ya ukuta.

Sasa chukua vile vibao vya duara vya London, vya bluu, vinavyobandikwa kwenye majengo waliyoishi au kufanyia kazi watu mashuhuri. Cha kwanza kiliwekwa 1867 kwa ajili ya mshairi Byron, na nyumba yenyewe ikaja kubomolewa 1889. Navipenda sana, ila masharti yake yanachuja watu: uwe umefariki si chini ya miaka 20, na angalau jengo moja linalokuhusu liwe bado limesimama. Hilo la pili ndo balaa, maana nyumba za nani huwa zinavunjwa kwanza? Za wapangaji, za madobi, vyumba vya watumishi. Tajiri anabaki na kuta zake, mpishi wake hana hata pa kupigilia msumari.

Wapo matajiri waliojaribu. Jumba la Erddig, karibu na Wrexham huko Wales, ukoo wa Yorke ulianza miaka ya 1790 kuwachoresha watumishi wao picha, mpaka seremala na mtunza bustani, kila mmoja na beti zake. Ni nadra mno hiyo. Lakini beti alitunga bosi bwana, kwa hiyo tunamwona mtumishi vile bosi alivyotaka aonekane, suala la mshahara humo halimo!

Na kuna pale hata jina halipo. McLeod Plantation, shamba la zamani la watumwa huko South Carolina, Marekani, kwenye matofali ya zamani zimebaki alama za vidole vya watumwa walioyashika udongo ukiwa bado mbichi, unaweza kabisa kuweka kidole chako ndani ya alama, ila nani huyo, hakuna anayejua.

Monticello, shamba na jumba la Thomas Jefferson, rais wa tatu wa Marekani, huko Virginia, ni kinyume chake. Jefferson alimiliki watumwa zaidi ya 600 maishani mwake na aliandika majina yao kwenye daftari la shamba, pamoja na nguo na mablanketi waliyogawiwa, hesabu ya mali tu, na leo daftari hilohilo ndo wazao wanalitumia kutafuta mababu. Tangu 1993 kuna mradi unaokusanya simulizi za hao wazao. Humo utakutana na Peter Fossett, aliyeuzwa mnadani 1827 akiwa na miaka 11, baadaye akawa mchungaji wa Kibaptisti Cincinnati, na mwaka 1900 akarudi Monticello kulitazama lile jumba kama mgeni.