Subira ya mzazi anayefundisha nyumbani: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mzazi anayemfundisha mtoto mdogo nyumbani, awe Uyole, Tukuyu au Mafinga, huvunjwa moyo na maneno yanayorudiwa kila mahali hadi yakaonekana kweli. Mengi yanamlaumu kwa tabia yake, ilhali kinachommaliza ni ratiba.

"Subira ni kipaji, mtu huzaliwa nayo."

Angalia hasira hupanda saa ngapi. Mara nyingi ni asubuhi ya Juni au Julai, baridi ya Mbeya imekaza, mtoto hajanywa uji, mama ana moto wa kuwasha na ndoo za kujaza, na daftari limeshafunguliwa kwa sababu "tulipanga saa moja". Mtoto mwenye njaa na vidole vyenye ganzi hashiki penseli vizuri, na mama anayewaza mambo manne hasikilizi. Hapo hata malaika angefoka. Somo likisogezwa hadi saa nne, jua limetoka, watu wameketi barazani, mama yuleyule mkali anakuwa mpole. (Na tafadhali, jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa ati mtoto asome kwenye joto. Hewa yake ya sumu haina harufu, na inaua.)

"Nyumbani pafanane na shule."

Hili ndilo linalochosha watu kuliko yote. Ratiba inatundikwa ukutani, saa mbili hadi saa sita, na kufika Jumatano kila mtu amenuna. Shule zenyewe haziwafanyii hivyo wadogo: kipindi cha elimu ya awali ni dakika 20, cha darasa la kwanza na la pili dakika 30, tena mwalimu anagawa macho kwa watoto makumi. Wewe unaye mmoja au wawili. Kwa mtoto wa miaka mitano, dakika 15 za kusoma, akakimbie nje, kisha dakika 10 za kuhesabu, zinatosha kabisa.

Kiswahili nacho kinakubeba. Irabu ni 5 tu, na sauti zake hazibadiliki. Akizishika, mwongezee m: ma, me, mi, mo, mu. Tayari anaweza kusoma mama, mimi, umeme; maneno matatu kwa konsonanti moja! Maneno magumu kama "ng'ombe" na "mbwa" yasubiri. Akichanganya r na l, kama wengi wetu huku, mwache amalize sentensi kwanza. Ukimkatiza kila neno atasahau alichokuwa anasoma, na wewe utachoka kabla yake.

"Bila fimbo hashiki."

Mtoto anayeogopa hasomi herufi, anasoma uso wako. Anasema "ba?" huku anatazama nyusi zako, akiona zimekunjamana anahamia "da". Akibahatisha mara tatu mfululizo, funga daftari, kesho urudi kwenye silabi anazozijua. Huko si kumdekeza. Amekuonyesha kwamba la jana halijaingia, na hilo ni jambo ambalo fimbo ingelificha.

"Ari ikikuishia, ujue hukuumbiwa kazi hii."

Hakuna mtu anayeamka kila siku na hamu ya kufundisha silabi zilezile kwa miezi. Walimu wenyewe hawaamki nayo. Wanaingia darasani kwa mazoea, na ari inawakuta njiani. Ikigoma kabisa, tokeni nje. Soko la Mwanjelwa, Mbeya, viazi vinauzwa kwa mafungu: fungu hili lina vingapi, tukipika viwili vinabaki vingapi? Nauli ikipatikana, kimondo cha Mbozi, chuma cha zaidi ya tani 10 kilichotoka angani, kinamwacha mtoto na maswali ya wiki nzima. Walio Iringa wana Isimila, penye zana za mawe za watu wa kale. Mimi naona safari za namna hii zinamfaa mzazi kuliko mtoto, maana na yeye anapata cha kushangaa.

"Kihehe au Kinyakyusa kitamharibia Kiswahili."

Hapana. Watoto hubeba lugha mbili bila shida, na anayemsalimu bibi kwa Kihehe, "Kamwene", kisha mwalimu "Shikamoo" hajachanganyikiwa hata kidogo. Bibi akihadithia kwa Kihehe, mtoto anazoea kufuata kisa mwanzo hadi mwisho, na wewe umepumzika.

"Nikimfundisha mwenyewe, shule si lazima."

Hapa sheria ina neno. Sheria ya Elimu ya Tanzania ya mwaka 1978 inataka mtoto aliyefikia umri wa shule ya msingi aandikishwe na ahudhurie, na mzazi anayemzuia anaweza kushtakiwa. Kwa hiyo masomo ya nyumbani nafasi yake ni kabla ya darasa la kwanza, jioni na likizo. Muhula huanza Januari, lakini uandikishaji hufanyika miezi ya mwisho ya mwaka, na mara nyingi utaulizwa cheti cha kuzaliwa. Mpango wa kuwasajili watoto wa chini ya miaka mitano kwenye vituo vya afya na ofisi za kata ulianzia Mbeya, mwaka 2013. Kama wa kwako bado hana cheti, ulizia kwenye kata yako sasa hivi, usingoje Desemba.