Sprei ya rangi ya mwili irudiwe baada ya siku ngapi? Dhana potofu na ukweli wake

Mtu akishapulizwa rangi mwilini, ile sprei inayoifanya ngozi ionekane imepigwa jua wakati jua lenyewe hajalikaribia, swali la kwanza huwa ni moja tu, nirudi lini? Na hapo ndo uongo unapoanza kutembea, huyu anasema kila wiki, yule anasema mara moja kwa mwezi, mwingine anakwambia hata kesho ukitaka we njoo tu. Jibu fupi kwa watu wengi ni kati ya siku 7 na 10, na wale waliozoea wengi wanakwenda kila wiki au kila baada ya wiki 2, lakini naomba usiishie hapo maana hizo siku hazina kazi yoyote kama rangi ya zamani bado imeng'ang'ania mwilini.

Dhana: ukirudia haraka haraka rangi inakolea zaidi

Hii ndo inaharibu watu wengi kuliko zote kwa hiyo nitakaa nayo kidogo.

Kinachofanya kazi kwenye ile dawa kinaitwa DHA, kwa kirefu dihidroksiasetoni, ni aina ya sukari. Ikipulizwa inakutana na asidi amino, vile vijenzi vya protini, zilizoko kwenye tabaka la juu kabisa la ngozi, lile la seli zilizokwisha kufa, zinaungana pale na kutoa ukahawia, mchakato ni uleule unaogeuza mkate kuwa wa kahawia ukiwa kwenye oveni. Yani sio rangi iliyopakwa juu, ni ngozi yenyewe iliyobadilika, ndo maana ukioga haitoki yote. Hata ilivyogundulika inaonyesha hilo, miaka ya 1950 huko Cincinnati, Marekani, mtafiti Eva Wittgenstein alikuwa anawapa watoto wagonjwa DHA wainywe kama dawa, sasa ikawa ikiwamwagikia kwenye ngozi inaacha madoa ya kahawia ila nguo zao hazichafuki, akajaribu mwenyewe kwenye ngozi yake na ikawa vilevile.

Sasa fikiria, asidi amino kwenye lile tabaka jembamba zina kikomo. Ukipuliza leo, ukapuliza tena keshokutwa, ukapuliza tena wikiendi, hupati kahawia nzuri iliyokolea, unapata rangi inayoelekea kwenye chungwa, halafu ile ya juu inashika kwenye seli ambazo tayari ziko mbioni kudondoka, zikidondoka zinaondoka na mpya na ya zamani kwa pamoja, na hazidondoki zote siku moja. Matokeo yake ni mabaka, hasa kifuani, shingoni na kwenye kwapa, ngozi inakaa kama ina magamba. Mteja anakasirika anasema dawa mbovu, kumbe dawa haina kosa, imewekwa juu ya takataka.

Anayetaka kukolea zaidi njia sio kurudi mapema, njia ni kuchagua dawa yenye kiwango kikubwa zaidi cha DHA siku hiyohiyo. Za wepesi zinakuwa kwenye asilimia 6 mpaka 8, za kati 10 mpaka 12, na za giza zinapanda zaidi ya hapo, ingawa Ulaya kwa sheria ya 2021 bidhaa za aina hii zimewekewa mwisho wa asilimia 10. Na usidhani asilimia kubwa inadumu zaidi sana, seli zinadondoka kwa mwendo wao, na mtu mweupe sana akipewa ya juu kuliko ngozi yake inavyobeba anaishia kuwa wa chungwa na kupauka vibaya.

Kuna kundi moja ambalo utaratibu wao ni tofauti kabisa, wale wanaopanda jukwaani kwenye mashindano ya kutunisha misuli, hao wanapulizwa matabaka kadhaa ndani ya siku moja au 2 kwa ajili ya taa kali za jukwaani. Ni kwa ajili ya jukwaa, sio kwa mtu anayekwenda kazini jumatatu, tafadhali usiwaige.

Dhana: ngozi inajibadilisha kwa siku 28, kwa hiyo mara moja kwa mwezi inatosha

Hiyo hesabu ya wiki 4 hivi inahusu safari nzima ya seli, kutoka inapozaliwa chini mpaka inapodondoka juu. DHA haishughuliki na safari yote hiyo, inashika pale juu mwishoni tu, kwa hiyo rangi inaisha mapema zaidi, kwa wengi siku ya 5 mpaka ya 7 inaanza kupungua na kufika siku ya 10 imekwisha au imebaki mabakimabaki. Kama mtu anataka aonekane na rangi muda wote, mara moja kwa mwezi itamwacha zaidi ya nusu ya mwezi hana kitu. Kama anataka kwa ajili ya sherehe tu basi hahitaji ratiba yoyote.

Dhana: ukiona inaanza kupauka ndo muda wa kurudi

Kinyume chake, pale inapoanza kupauka ndo muda mbaya kuliko wote. Rangi haipauki sawasawa. Inapokuwa katikati ya kutoka, kuna sehemu ngozi mpya imeshafunguka na sehemu nyingine seli za zamani bado zimekaa, ukipuliza juu ya hali hiyo kila doa linaongezeka ukali.

Namna ya kuangalia ni rahisi. Simama karibu na dirisha mchana, sio chini ya taa ya bafuni, angalia ndani ya mkunjo wa kiwiko, mikunjo ya shingo, kati ya matiti, juu ya vifundo vya miguu pale soksi inapobana na katikati ya vidole vya mikono. Ukiona vidoti vidoti au mstari wa kahawia kwenye mkunjo huku pembeni kumeshakuwa peupe, bado, hiyo itolewe kwanza. Pitisha kitambaa chenye maji ya vuguvugu usugue kidogo, kikitoka na kahawia au vipande vidogo vya ngozi basi jibu umelipata.

Kuitoa nako kuna utaratibu, jiloweke kwenye maji ya moto kiasi kwa dakika kadhaa, au jipake mafuta ukae nayo kidogo, halafu ndo usugue kwa glavu za kusugulia kwa mizunguko midogo midogo, taratibu. Ifanye siku moja kabla ya miadi, usije ukajisugua asubuhi mchana ukapulizwa, ngozi inakuwa imechokozwa inakunywa dawa kwa fujo. Kunyoa vilevile na kutoa nywele kwa nta, ifanye siku moja mpaka 2 kabla. Na siku yenyewe uje bila losheni, bila deodoranti, bila manukato, maana vyote hivyo vinazuia dawa isishike sawasawa.

Dhana: ngozi lazima ipumzike ipate kupumua

Naelewa wanaosema hivi wana nia njema lakini ngozi haivuti hewa kupitia ile rangi, na rangi yenyewe iko kwenye seli zilizokufa. Hakuna sheria ya kwamba ukipulizwa mara kadhaa mfululizo lazima ukae mwezi bila. Ila kupumzika wiki moja au 2 kila baada ya muda kuna faida nyingine, unapata nafasi ya kusafisha kila kitu mpaka ngozi halisi, maana anayepulizwa kila wiki hata akijisugua vizuri kuna mabaki yanajijenga polepole kwenye viwiko, magoti, nyayo na vidole, sehemu ambazo ngozi ni nene na inanyonya dawa nyingi.

Kitu ambacho kweli kinaumiza ngozi kwa wanaorudia sana ni ukavu na kujisugua kupita kiasi. DHA inakausha, na dawa nyingi zina alkoholi, manukato na vitu vya kuzuia isiharibike, hivyo ndo mara nyingi vinaleta wekundu na muwasho. Ukiona umewashwa, acha, usirudie wiki inayofuata ukitegemea itajirekebisha yenyewe, na kama ni mara ya kwanza kutumia dawa fulani, ijaribiwe kwanza sehemu ndogo mkononi usubiri siku moja au 2. Mwenye kidonda, mwenye pumu ya ngozi iliyoamka, au aliyetoka kuungua na jua, asubiri mpaka apone, hapo hakuna mjadala.

Dhana: nikiwa na rangi kila wiki jua halinipati

Hii naomba uisome mara 2. Rangi ya kupuliza haiongezi melanini, ile rangi ya asili ya ngozi inayosaidia kuikinga na jua. Kinga inayotoa ni kidogo sana, kama SPF (kipimo cha kinga ya jua) 3 au 4, tena inapungua kadiri rangi inavyotoka, yani hata siku ya kwanza haikutoshi na siku ya 6 ndo kabisa. Kuna watu wanarudia kila wiki kabla ya likizo wakiamini wanajenga kinga, halafu wanalala juani saa nzima bila losheni ya kuzuia jua, wanaungua kwelikweli chini ya ile kahawia na hawaoni wekundu mapema maana umefichwa na rangi. Pakaa losheni ya kuzuia jua kila unapotoka, kama vile hujapulizwa kitu.

Ninachokisifia hii sprei ni kwamba inampa mtu muonekano anaoutaka bila miale. Vile vitanda vya taa ambavyo watu wanalala ngozi ichomwe na miale ipate rangi viliwekwa mwaka 2009 na shirika la IARC, lile la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO, kwenye kundi la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu, kundi moja na tumbaku. Kwa hiyo mtu akichagua kupulizwa kila baada ya siku 10 badala ya kulala kwenye kile kitanda, mi nampongeza.

Dhana: ni dawa ya nje tu, hata nipulizwe mara ngapi hainihusu ndani

Kwenye ngozi ni kweli sehemu kubwa inabaki juu. Tatizo la sprei ni ule ukungu, unaingia puani, mdomoni na machoni. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, imeruhusu DHA itumike kwa kupakwa nje ya mwili, na inashauri macho, midomo na sehemu laini za ndani zikingwe na usivute ukungu ule. Ukipulizwa mara moja kwa mwaka unaweza usifikirie sana, lakini anayerudia kila wiki awe na vifaa vyake kila mara, vya kukinga macho, vya kuziba pua, mafuta ya mdomo, na avute pumzi nje ya ukungu sio ndani yake. Na jamani nyie mnaopuliza, mteja anakaa humo dakika chache ila wewe unakaa siku nzima, valia barakoa inayofaa na uwe na feni ya kuvuta ile hewa itoke nje, usiseme nimezoea. Mjamzito aongee na daktari wake kwanza, na akiamua anataka rangi, ya kupaka kwa mkono inamwepusha na ukungu.

Dhana: kila mteja ratiba yake ni ileile

Hapa sina maneno mengi, angalia maisha ya mtu. Anayeogelea kwenye bwawa la klorini, anayetoka jasho mazoezini kila siku, anayetumia krimu za retinoli au asidi ya glikoliki zinazoharakisha ngozi kujibandua, anayependa kujiloweka kwenye maji ya moto, hao inaweza kutoka ndani ya siku 4 au 5. Mwenye ngozi kavu asiyejipaka losheni anatoka mabaka hata kama siku ni zilezile. Anayejipaka losheni asubuhi na jioni, anayejifuta kwa kupigapiga taulo badala ya kukwangua, huyo anafika siku ya 10 bado anapendeza. Na ukitoka kupulizwa heshimu muda ulioambiwa kabla ya kuoga, mara nyingi ni kama masaa 8, za haraka zina muda wake, na usiogope ukiona maji ya kahawia yanatiririka bafuni, ile ni rangi ya juu tu iliyowekwa ili anayepuliza aone anapopita, rangi yenyewe inaendelea kutokea mpaka siku inayofuata.

Bibi harusi asije akajaribu kwa mara ya kwanza wiki ya harusi, ajaribu wiki 3 au 4 kabla ili aone inavyotokea kwake na inavyotoka, halafu ile ya kweli iwe siku moja au 2 kabla, ipate muda wa kutulia na kuogwa isije ikaachia rangi kwenye gauni.

Uso uko peke yake. Unaoshwa mara nyingi, una mafuta, unapakwa makrimu ya kila namna, kwa hiyo unaisha siku ya 3 au ya 4 wakati mwili bado uko vizuri, na watu wanakimbilia kupulizwa mwili mzima tena kwa sababu ya uso tu. Usifanye hivyo. Chukua losheni ya rangi ya polepole, zile zenye DHA kidogo, changanya tone moja au 2 kwenye krimu yako ya usiku, paka usoni mpaka chini ya kidevu na masikioni, nyusi na mstari wa nywele upitishe kidogo sana, nawa viganja vizuri, na miadi ya mwili iache palepale ilipo.