TERM ni nini, na kwa nini rangi za Vim zinavurugika

Faili ni ileile, Vim (kihariri cha maandishi) ni ileile, na mipangilio umeinakili neno kwa neno. Kwenye laptopu yako kila kitu kinang'aa. Ukiingia kwenye seva kwa ssh, amri ya kuingia kwenye mashine ya mbali, rangi zinapauka, mistari inabaki na viraka vyeusi, au Vim inageuka nyeusi na nyeupe tupu. Wengi hapo huanza kushusha mipangilio mipya ya rangi, mmoja baada ya mwingine. Kabla ya hapo, andika hivi:

echo $TERM

Jibu litakuwa kitu kama xterm-256color, tmux-256color, screen au linux. TERM ni kigeu cha mazingira: thamani inayokaa kwenye sheli (programu inayopokea amri zako) na kurithiwa na kila programu unayoianzisha humo. Kazi yake ni moja tu, kuiambia programu iko ndani ya terminali, yaani dirisha la amri, ya aina gani.

Inahitaji kuambiwa kwa sababu Vim haioni skrini. Inachoweza ni kutuma herufi, na terminali ndiyo inayochora. Rangi nazo husafiri katika mkondo huohuo wa herufi, zikitanguliwa na herufi namba 27, ile ya kitufe cha Esc. Jaribu mwenyewe:

printf '\033[31mhabari\033[0m\n'

Neno "habari" litatokea jekundu. 31 ni nyekundu, 0 ni kurudi kawaida, na \033 ni ile 27 iliyoandikwa kwa mfumo wa namba wa nane. Hakuna zaidi ya hapo. Rangi zote unazoziona kwenye kihariri cha terminali zimepita njia hii.

Mwishoni mwa miaka ya 1970 terminali ilikuwa mashine kamili, skrini na kibodi, na kila kiwanda kilikuwa na misimbo yake. Bill Joy, aliyeandika vi pale Berkeley, ndiye aliyetengeneza termcap, daftari la kueleza kila terminali inajua nini na inaamrishwa vipi. Baadaye ikaja terminfo, ambayo ndiyo inayotumika sana leo. VT100, terminali ya kampuni ya DEC, ilitoka mwaka 1978, na madirisha ya terminali tunayofungua leo bado yanaiga tabia zake. Kwa hiyo TERM ni jina la ukurasa katika daftari hilo. Vim inausoma na kuuamini. Haina desturi ya kubisha.

Ukurasa ukiwa si wake, vurugu huanza. Amri ya tput colors itakuonyesha kilichoandikwa humo. TERM ikiwa xterm utapata 8. Ikiwa xterm-256color utapata 256. Idadi hiyo ni rangi 16 za msingi, 216 zinazotokana na mchanganyiko wa ngazi sita za nyekundu, kijani na buluu, na 24 za kijivu. Mpangilio uliobuniwa kwa rangi 256 ukilazimishwa kuishi na 8, hauna budi kupauka.

Viraka vina chanzo kingine, na mimi ndivyo naviona vinachosha kuliko vyote kwa sababu havina sura ya kosa la rangi. Vim ikitaka kufuta sehemu iliyobaki ya mstari, hutuma amri moja ya kufuta. Terminali nyingine hujaza sehemu hiyo kwa rangi ya nyuma inayotumika wakati huo. Nyingine huiacha na rangi yake ya kawaida. Tofauti hiyo nayo imo kwenye terminfo. Ukiwa ndani ya GNU Screen (programu ya kuendesha sheli kadhaa katika terminali moja) yenye mipangilio yake ya awali, huku TERM ikidai ni xterm-256color, Vim itategemea kujaziwa na haitajaziwa. Palipo na maandishi patakuwa na kijivu ulichochagua, pasipo na maandishi patabaki peusi. Ndani ya Vim, andika :set t_ut= na itaanza kujaza nafasi hizo yenyewe.

Halafu kuna rangi kamili, zile milioni 16 na ushei, ambazo Vim huzitumia ukiandika :set termguicolors. Pima kwanza kama terminali yako inazijua:

printf '\033[38;2;255;100;0mchungwa\033[0m\n'

Ikitoka rangi ya chungwa, uko salama. Isipotoka, zima chaguo hilo, maana hakuna mpangilio utakaokuokoa. Ndani ya tmux, programu ya kazi kama ya Screen, kuna mtego wa ziada: kwenye matoleo mengi, Vim hujijazia misimbo ya rangi hizi pale tu TERM inapoanza na xterm. Ikikuta tmux-256color, unabaki na nyeusi na nyeupe ingawa umewasha kila kitu. Weka mistari hii miwili kwenye .vimrc, faili ya mipangilio ya Vim:

let &t_8f = "\<Esc>[38;2;%lu;%lu;%lum"
let &t_8b = "\<Esc>[48;2;%lu;%lu;%lum"

Na tmux yenyewe iambie kwamba terminali iliyo nje inazimudu rangi hizo, kwenye .tmux.conf:

set -g default-terminal "tmux-256color"
set -ga terminal-overrides ",xterm-256color:Tc"

Ushauri utakaokutana nao kila kona ni kuandika export TERM=xterm-256color kwenye .bashrc, faili ya mipangilio ya sheli, na kusahau. Siupendi. Mstari huo hufanya kazi leo kwenye dirisha moja, kesho unaidanganya Vim iliyo ndani ya tmux, na keshokutwa unaidanganya ile iliyo kwenye skrini tupu ya Linux isiyo na dirisha lolote. TERM ni ya terminali kuiweka. Kama ni mbovu, irekebishe kwenye mipangilio ya terminali au ya tmux, si kwenye sheli.

Ssh nayo hubeba TERM yako hadi upande wa pili. Seva ya zamani ikiwa haina ukurasa wa jina hilo, nano, kihariri kingine, itakataa kufunguka na kulalamika "Error opening terminal: xterm-kitty". Peleka ukurasa wenyewe:

infocmp -x | ssh seva tic -x -

Weka jina la seva yako palipoandikwa seva. Huhitaji kuwa msimamizi wa mashine. Amri ya tic, inayouhifadhi ukurasa huko, ikinyimwa ruhusa ya kuandika kwenye mfumo, huuweka katika folda ya .terminfo nyumbani kwako.

Si kila ubaya ni wa TERM, hata hivyo. Komenti zikiwa za buluu iliyokolea juu ya weusi, Vim imekisia tu kwamba dirisha lako ni jeupe; :set background=dark inatosha. Mistari ya fremu ikigeuka herufi za ajabu, angalia amri ya locale kama inataja UTF-8. Na ukiwa umefungua faili isiyo ya maandishi kwa cat, skrini nzima ikawa mauzauza, andika reset ubonyeze Enter, hata kama huoni unachokiandika.