Presha Ikishuka Haina Maana Imepona

Alhamisi ya pili ya Machi, Siku ya Figo Duniani, sisi wa kliniki ya figo hapa Nairobi huulizwa swali lile lile: ni presha iliyoharibu figo, au ni figo zilizoleta presha? Yote mawili. Kila figo ina vichujio vidogo mno, takriban milioni moja. Presha ikikaa juu miaka mingi, mishipa ya vichujio hivyo hukakamaa na kuingia makovu. Figo iliyodhoofika nayo hushindwa kutoa chumvi na maji, presha ikazidi kupanda.

Linalotuumiza ni dawa kuachwa. Mama mmoja, mfanyabiashara wa sokoni, alitumwagia mezani bahasha mbili za kaki. Ya presha ilikuwa imejaa vidonge vya miezi mitatu. Ya diklofenaki, dawa ya maumivu aliyonunua kwa ajili ya mgongo, ilibaki na viwili. "Daktari, ilishuka nikajua nimepona." Mama, ilishuka kwa sababu ulikuwa unameza! Na hiyo diklofenaki hupandisha presha na kuumiza figo.

Tafadhali msiseme "sisikii chochote." Presha haina kelele, na sehemu kubwa ya figo huharibika kabla miguu haijavimba.

Kipimo kina utaratibu. Usinywe kahawa wala kuvuta sigara nusu saa kabla. Nenda haja ndogo, keti dakika tano ukiegemea kiti, nyayo sakafuni, mkono usawa wa moyo, usizungumze. Pima mara mbili. Ikiwa 140/90 au zaidi, rudi siku nyingine kuthibitisha. Mwenye presha aombe pia kipimo cha protini kwenye mkojo na cha kreatinini (taka ambayo figo huichuja) kwenye damu, angalau mara moja kwa mwaka. Wengi hupimwa mkono tu wakaenda zao.

Kuhusu SHA, mamlaka ya bima ya afya ya serikali iliyochukua nafasi ya ile ya zamani, NHIF, Oktoba 2024: kujisajili pekee hakutoshi. Zahanati na vituo vya afya vitakuhudumia ukiwa umesajiliwa, lakini kusafishwa damu kwa mashine kunahitaji mchango uliolipwa. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wa kaya, akatozwa asilimia 2.75 ya mapato, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi, tena hulipa ya mwaka mzima kwa pamoja. Lipeni mkiwa wazima. Mashine ni saa nne kila kikao, mara mbili au tatu kwa wiki, na tunaona familia zikikimbizana na malipo hayo mgonjwa akiwa tayari kitandani, pumzi zinambana.