Mvuke mkavu au maji moto? Ndoo ndiyo inayojibu

Andrea Rossi, mvumbuzi wa Italia, alipoonyesha kule Bologna, Januari 2011, mashine yake ya E-Cat, aliyodai inatoa joto jingi kuliko umeme inaokula, ubishi mkubwa ulikuwa juu ya kilichotoka bombani: ni mvuke mkavu, yaani usio na matone ya maji, au ni maji moto? Ukiletewa mashine kama hiyo hapa Tanga, mizani, kipimajoto na ndoo vinatosha kuyapima madai utakayosikia.

“Ule moshi mweupe ndio mvuke.”
Mvuke hauonekani. Tazama birika la muuza kahawa pale Ngamiani: kati ya mdomo wake na wingu jeupe pana uwazi mdogo. Mvuke uko kwenye uwazi huo. Weupe ni matone yaliyokwisha kupoa.

“Kipimajoto kinasoma 101, basi maji yote yamegeuka.”
Hapa ndipo wengi wanapoteleza, wahandisi wakiwemo. Tanga mjini maji huchemka kwenye nyuzi 100. Lushoto, mita 1,400 hivi juu, ni kama 95. Yakishachemka hubaki hapohapo, liwe limegeuka tone moja au karibu yote. Tena mpira wa kutolea ukipanda sentimita 37 huku umejaa maji, uzito wa maji hayo pekee unapandisha kiwango cha kuchemka kwa nyuzi 1.

Tofauti si ndogo. Kilo moja ya maji kutoka nyuzi 28 hadi 100 inakula kilojuli 302. Kuigeuza yote mvuke kunadai 2,257 nyingine. Mashine ikipitisha kilo 7 kwa saa, kuchemsha tu ni wati 590, kugeuza yote ni karibu kilowati 5. Anayeingiza wati 700 za umeme akadai mvuke ni mkavu, ameshajipatia “faida” ya mara saba kwa maneno matupu.

“Kipima unyevu kimethibitisha.”
Hicho husoma unyevu ulio katika hali ya gesi, hakihesabu matone. Matone yakichukua asilimia 1 tu ya ujazo, kwa uzito ni zaidi ya asilimia 90 ya kinachotoka.

“Bila maabara huwezi kujua.”
Pima kilo 20 za maji ya nyuzi 28 kwenye ndoo ya plastiki. Mpira uwe mfupi, umefungwa matambara, maana mpira mtupu hupoza mvuke na kuionea mashine. Subiri ichemke sawasawa, uzamishe mpira dakika 5 huku ukikoroga, kisha pima joto na uzito. Kwa kilo 7 kwa saa, ndoo itaongezeka gramu 580 hivi. Mvuke mkavu utaipandisha nyuzi 17. Maji moto matupu, nyuzi 2. Ukipata 5 au 6, unajua mwenyewe: kilichotoka kilikuwa maji zaidi kuliko mvuke.

Toa mpira majini kabla ya kuzima. Mvuke uliobaki ukipoa ndani, hunywa maji ya ndoo kurudi kwenye mashine yenye moto.