Mguu mfupi au mrefu? Pima tezi kabla ya kununua mashine ya boti

Mnunuzi wa mashine ya boti huanza kuuliza nguvu: HP 9.9, 15 au 40. Habari ya mguu huja mwisho, pesa zikiwa zimeshahesabiwa, naye huondoka na iliyokuwapo stoo. Ni makosa. HP 15 iliyokaa kimo chake itasukuma boti vizuri kuliko HP 25 ambayo propela yake inavuta hewa.

Mguu ni ile sehemu inayoshuka kutoka kwenye vibanio hadi kwenye propela. Vimo vinavyouzwa zaidi ni vitatu: mfupi wa inchi 15 (sm 38), mrefu wa inchi 20 (sm 51) na mrefu zaidi wa inchi 25 (sm 63.5). Namba hizo ni kimo cha tezi, yaani ule ubao wa nyuma ya boti unaobeba mashine, ambayo mashine imetengenezewa, wala si urefu wa mashine kutoka kofia hadi chini. Tena ni za jina tu. Mguu halisi huweza kuzidi kwa sentimita kadhaa, ndiyo maana mashine nayo hupimwa kwa futi kamba: kuanzia pale ndani ya kibanio panapokalia ubao, kushuka wima hadi kwenye lile bapa pana lililo juu ya propela.

Kwa Yamaha, herufi ya mwisho ya modeli ndiyo ya mguu: S ni mfupi, L mrefu, X mrefu zaidi. E15DMHS na E15DMHL ni mashine moja yenye miguu tofauti. Angalia usichanganye: kwenye E40XMHL ile X ya katikati haihusu mguu, ni L ya mwisho unayoitafuta. Kwa mashine ya mtumba usiiamini hata herufi, maana mguu huenda ulishabadilishwa. Pima.

Kupima tezi yenyewe ni kazi ya dakika kumi, boti ikiwa imepandishwa mchangani. Weka rula ndefu au ubao ulionyooka chini ya boti, katikati, ufuate sakafu ya nje na kutokeza nyuma ya tezi. Kisha pima kutoka ukingo wa juu wa tezi, pale hasa mashine itakapoketi, kushuka hadi kwenye ubao huo. Usipime pembeni, kwa sababu tezi nyingi zimekatwa katikati na pembeni ni juu zaidi. Na futi isilale juu ya mteremko wa tezi. Tezi iliyolala nyuzi 14 na yenye kimo cha wima cha sm 51 itasomeka kama sm 52.5 ukiufuata mteremko, na hiyo sentimita moja na nusu ndiyo nafasi yote unayochezea.

Unachotafuta ni bapa likae sambamba na sakafu ya chini ya boti, au lishuke chini yake kwa hadi milimita 25. Kwenye boti ya faiba isiyo na mkuku (uti wa mgongo wa chini ya chombo) nyuma, hilo linatosha.

Mashua ya mbao ni habari nyingine. Mkuku ukifika hadi kwenye tezi, maji yanayoifikia propela yameshavurugika na yana mapovu. Bapa ukililinganisha na mbao za ubavuni, propela itakuwa inakula hewa kila siku na utalaumu mashine bure. Pima hadi chini ya mkuku. Au, kama fundi seremala yuko karibu, mwambie auchonge mkuku upungue polepole na kuishia kabla ya tezi ili maji yapate kutulia. Mashua yenye ncha mbili haina pa kuning'iniza mashine, na ikifungiwa fremu ya pembeni, kimo hupimwa kwenye fremu hiyo, chombo kikiwa majini na mzigo wake.

Tabu kubwa ni tezi za katikati, na pwani yetu zimejaa kwa sababu kila fundi ana kipimo chake. Chukua tezi ya sm 46. Mguu mfupi wenye sm 43 halisi utaliacha bapa sm 3 juu ya sakafu. Mguu mrefu wenye sm 56 utalishusha sm 10 chini. Mimi hapo nachukua mrefu bila kusita, kisha naiinua tezi kwa sm 8, na bapa linabaki sm 2 chini. Mguu uliozidi unaweza kuupandisha, lakini uliopungua huna pa kuushushia isipokuwa ukate tezi, na tezi iliyokatwa hukaribisha wimbi la nyuma ndani ya chombo.

Ila kuinua si kuweka kipande cha mti na kukaza skrubu za vibanio juu yake. Kipande kiwe cha mti mgumu, kiunganishwe na tezi kwa bolti za stenlesi zinazopenya hadi ubao wa zamani, na kila tundu lijazwe gundi ya baharini. Tundu lililoachwa wazi kwenye boti ya faiba hupitisha maji hadi kwenye plaiwudi iliyomo ndani, nayo huoza bila kuonekana. Igonge tezi kwa mpini wa nyundo: mlio mzito, uliofifia, ni dalili mbaya. Kuna wanaorefusha mguu mfupi kwa kuchomelea shafti. Shafti hiyo ikipinda kidogo tu hula sili, maji yakaingia kwenye oili ya gia.

Mguu ukiwa mfupi, kwenye kona au wimbi mlio wa mashine hupanda ghafla na boti hupunguza mwendo. Kibaya zaidi, matundu ya kuvutia maji ya kupoozea yako chini ya bapa. Yakipata hewa, impela ya mpira, ile ya pampu ya maji, huzunguka kavu, mashine inaacha kukojoa (kutoa mchirizi wa maji ya kupoozea) na inachemka. Mguu ukizidi, boti huwa nzito, hurusha maji nyuma, na maji yakipwa propela ndiyo inayoukuta mwamba kwanza.

Jaribu majini mara mbili: boti tupu, kisha na nyavu, barafu na watu. Watu wakisogea omo, yaani mbele, tezi hunyanyuka, na mashine iliyokuwa sawa ikianza kuvuta hewa, ishushe tundu moja. Kwenye mashine za bolti, tundu hadi tundu ni kama milimita 19.

Kabla hujashusha chochote, ondoa shaka ya propela. Ndani yake kuna bushi ya mpira. Ikiteleza, mlio hupanda vilevile na boti haiendi. Chora mstari mmoja wa rangi kutoka kitovu cha ndani hadi sehemu ya nje, uache ukauke, kisha endesha kwa nguvu. Vipande viwili vya mstari vikiachana, nunua bushi au propela, na mguu uuache ulivyo.