Je, wajua? Ule uzi wa faiba sio wako peke yako

Watu wengi wakishavutiwa faiba, yaani intaneti ya uzi wa kioo, wanajua ule uzi umetoka kituoni kwa kampuni ya intaneti mpaka sebuleni kwao moja kwa moja, kumbe hapana, kwenye GPON, mfumo wa kugawa faiba majumbani ambao umeenea sana, uzi mmoja unatoka kituoni unafika kwenye splita, kiboksi kisichotumia umeme kabisa, pale mwanga unagawanywa nyumba 32 au hata 64.

Sasa piga hesabu. Uzi mzima unashusha gigabiti 2.5 kwa sekunde, gawa kwa 32 ni kama megabiti 78 kila nyumba. Mbona mtu kanunua 200 na anazipata? Kwa sababu sio wote wanavuta data sekunde ileile, mmoja anasoma meseji, mwingine hayupo, ila jioni wote wakiwasha video ndo unaona spidi inashuka. Ndo maana ukipima saa tisa usiku tu unajidanganya, pima na jioni.

Kupandisha data ndo kunanifurahisha zaidi. Nyumba 32 zikituma mwanga kwa pamoja utagongana ukifika kwenye splita, kwa hiyo mtambo wa kituoni unagawa zamu, vipande vidogo vya muda ndani ya fremu, yaani mzunguko mmoja wa zamu, ya mikrosekunde 125, na kabla ya hapo unapima umbali wa kila nyumba, maana mwanga ndani ya kioo unaenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, aliye kilomita 20 mwanga wake unachukua mikrosekunde 100 kufika, so yule wa karibu anaambiwa asubiri kidogo ili zamu zisipandane. Yaani wa karibu hapendelewi!

Halafu kuna nguvu ya mwanga. Kila ukiugawa sehemu mbili unapoteza desibeli 3 (kipimo cha nguvu inayopotea), kufika 32 umegawa mara tano, tayari 15 zimeenda kabla hujahesabu umbali na maungio. Fungua ukurasa wa ruta yako uangalie namba ya mwanga unaopokelewa: -20 dBm (kipimo cha nguvu ya mwanga) iko poa, ikishuka chini ya -27 jiandae kukatika katika. Yangu iliwahi kutoka -19 mpaka -28 baada ya kusogeza kabati, nikakuta mguu wa kabati umeukunja uzi, mwanga unavujia kwenye kona, nikaunyoosha tu namba ikarudi. Na ile ncha ya konekta usiiguse kwa kidole, mafuta ya ngozi yanatosha kuziba njia ya mwanga yenye upana wa mikromita 9 tu.